Dawa, Pumzi na Uvumilivu: Somo kwa Wenye Mgonjwa wa Unga Nyumbani

Ninyi mlioko Nachingwea na ninyi mlioko Ruangwa, mliokaa darasani na mliokaa chini ya mwembe, somo hili ni lenu nyote. Na kama yuko mpita njia aliyesimama kusikiliza, naye mpeni nafasi kwenye benchi. Leo wekeni kando daftari la hesabu. Somo letu ni la afya.

Naanza kwa swali ambalo kila mkulima wa huko analijua jibu lake. Mkorosho ukishikwa na ubwiri unga wakati wa maua, wewe wafanya nini? Naam, wapuliza salfa. Wapuliza mara moja tu ukaenda kulala? Hapana. Warudia tena na tena kwa siku zake, mpaka maua yageuke korosho. Tena wafyeka nyasi chini ya mti, wapogoa matawi yaliyosongamana, ili hewa ipite na mti upate nguvu. Sasa nijibuni: mtu akifyeka na kupogoa tu, bila salfa, atavuna? Atavuna kidogo sana. Na mtu akipuliza salfa bila kuutunza mti? Atavuna, lakini si kama yule aliyefanya yote mawili.

Shikeni mfano huo vizuri, maana ndio moyo wa somo letu. Leo hatusemi unga wa mkorosho. Twasema unga ule mwingine, heroini, unaowashika wanadamu. Tutazungumza juu ya dawa yake, na juu ya mazoezi ya mwili na pumzi yanayoisaidia dawa hiyo.

UGONJWA WENYEWE

Heroini hutengenezwa kwa utomvu wa mmea unaoitwa afyuni. Kwa miaka mingi imeletwa kutoka Asia kwa majahazi, ikavuka Bahari ya Hindi na kushushwa katika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Ilianza kujulikana katika miji yetu miaka ya 1980. Wengine huivuta, wengine hujidunga kwa sindano.

Vijana wengi wa Nachingwea na Ruangwa huenda Dar es Salaam kutafuta maisha. Wengi hufanya biashara zao wakarudi salama. Lakini wako waliokutana na unga huko, kete moja baada ya nyingine, mpaka wakawa hawawezi kuishi bila huo. Hali hiyo huitwa uraibu.

Uraibu si ukaidi tu. Ni ugonjwa wa ubongo. Mtu akitumia unga kwa muda, mwili wake huzoea. Akiukosa kwa saa chache, hushikwa na mateso ambayo vijana wenyewe huyaita arosto. Pua hutiririka, machozi hutoka, miayo haiishi, tumbo hukata, huharisha, mifupa huuma, usingizi hukimbia. Hapo mtu hatafuti tena raha. Atafuta kuepuka maumivu. Atauza viatu vyake, kisha ataiba vya baba yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu, tuache kuwaita watu hawa mateja. Jina baya halijamponya mtu hata mmoja. Aliye na malaria twamwita mgonjwa. Na huyu ni mgonjwa.

DAWA YA KIKOMBE

Je, ugonjwa huu una dawa? Una dawa. Inaitwa methadoni. Wataalamu wa Ujerumani waliitengeneza mwishoni mwa miaka ya 1930, na katika miaka ya 1960 waganga wa New York walianza kuitumia kuwatibu waraibu wa heroini. Mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa za lazima.

Hapa Tanzania matibabu hayo yalianza mwezi wa Februari mwaka 2011, katika Hospitali ya Taifa Muhimbili. Mwaka uliofuata yakaanza Mwananyamala, kisha Temeke. Baadaye yalifika Zanzibar, Mbeya, Dodoma, Mwanza, Tanga na kwingineko. Mgonjwa huenda kliniki kila siku, hupewa dawa ya maji katika kikombe, huinywa mbele ya mwuguzi, kisha huenda kazini kwake. Hatozwi fedha kwa dawa hiyo. Mganga akiona mgonjwa ametulia, aweza kumpa dozi za siku chache aende nazo nyumbani.

Methadoni hufanya kazi gani? Hukaa mahali pale pale katika ubongo ambapo heroini ilikuwa ikikaa. Lakini heroini huja kwa kishindo na kuondoka upesi. Methadoni huja polepole na hudumu siku nzima. Basi arosto haiji, na mtu apata nafasi ya kulala, kula, kufanya kazi na kukaa na wanawe. Tena haingii sindano mwilini, na hatari ya kuambukizwa virusi vya UKIMWI na homa ya ini kwa sindano chafu hupungua.

Hapa pana neno ambalo nimelisikia kwa watu wengi, na labda wewe nawe umelisema. Watu husema, "Methadoni ni unga mwingine wa serikali. Mwanangu amenenepa sasa, amepona, na aache." Neno hilo ni la hatari. Laweza kuua, na nitaeleza sababu yake mbele kidogo. Mkorosho ukianza kutoa maua mazuri, hukutupa salfa siku hiyo.

KWA NINI PUMZI?

Sasa mtauliza, kama dawa ipo, mazoezi ni ya nini? Ni swali zuri. Dawa hutuliza mwili, lakini haiondoi kumbukumbu. Mgonjwa apita kijiwe alichokuwa akivutia, moyo wamwenda mbio. Agombana na mkewe, tamaa yaja. Apokea fedha za korosho, tamaa yaja. Mgongo wamwuma usiku, tamaa yaja. Katika dakika hizo mwuguzi hayupo na kikombe hakipo. Yuko peke yake. Anahitaji kitu cha kushika.

Waganga na watafiti wamejaribu mambo mawili. La kwanza ni yoga, mazoezi ya kale ya India ya kunyoosha mwili pamoja na kuongoza pumzi. La pili ni uzingativu, yaani kuuweka moyo mahali ulipo sasa hivi, kuiangalia pumzi na mwili bila kukimbia na bila kugombana na mawazo. Uzingativu ulianza kufundishwa kwa wagonjwa wa hospitali huko Massachusetts, Marekani, mwaka 1979, na Jon Kabat-Zinn, kwa watu wenye maumivu ya muda mrefu.

Je, yamesaidia? Nitawaambia yote, yanayopendeza na yasiyopendeza.

Mwaka 1997 yalitolewa matokeo ya jaribio la Boston. Wagonjwa wapatao 60 waliokuwa wakinywa methadoni waligawanywa. Nusu walifanya yoga, na nusu walikaa kikundi cha mazungumzo pamoja na mshauri. Makundi yote mawili yalipata nafuu sawasawa. Yaani yoga haikushinda, wala haikushindwa.

Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jimbo la New Jersey. Walikuwako wagonjwa 154 wa methadoni wenye maumivu ya kudumu. Wote waliendelea na matibabu yao ya kawaida, lakini baadhi waliongezewa mafunzo ya uzingativu kwa wiki nane. Kwa waliofundishwa, hatari ya kurudia kutumia dawa za kulevya ilikuwa pungufu kwa asilimia 42, na hatari ya kuacha methadoni ilikuwa pungufu kwa asilimia 59. Angalieni hilo la mwisho. Pumzi haikuwafanya waache dawa. Iliwasaidia kudumu na dawa.

Na huko Bengaluru, India, wanaume 59 waliokuwa katika arosto walitibiwa kwa dawa nyingine iitwayo buprenofini. Walioongezewa yoga walipata nafuu kwa siku kama 5. Wasioongezewa walichukua siku kama 9. Hao nao walikuwa wachache, na wote walikuwa wakipewa dawa.

Basi hesabu yetu ni hii: dawa peke yake, nafuu. Dawa na mazoezi, nafuu zaidi kwa wengi. Mazoezi bila dawa, hilo halikuthibitishwa hapo hata mara moja.

JE, YOGA NI DINI?

Najua swali hili limo mioyoni mwenu, maana darasa lina Waislamu na Wakristo. Yoga ilizaliwa India, na kwa Wahindu wengi ni sehemu ya dini yao. Hatufichi jambo hilo. Lakini yanayotumika hospitalini ni kunyoosha viungo na kupumua tu. Hakuna sala ndani yake, wala sanamu, wala maneno ya ibada. Mwenye shaka na aulize shehe wake au padre wake. Na asiyependa jina la yoga na aliache jina, achukue pumzi. Pumzi ni ya kila mtu. Mama anayejifungua huambiwa na mkunga, "Vuta pumzi, toa polepole," wala hamwulizi dini yake.

TUFANYE PAMOJA

Sasa wekeni kalamu chini. Kaa sawasawa. Mgongo wima, mabega yalegee, miguu igusane na ardhi, mikono mapajani. Ukipenda, fumba macho. Ukiona giza lakuletea kumbukumbu mbaya, yafumbue, tazama ardhi mbele yako.

Vuta pumzi kwa pua, huku ukihesabu moyoni: moja, mbili, tatu, nne. Toa pumzi polepole, huku ukihesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Tena. Tumbo na liinuke kidogo unapovuta, na lishuke unapotoa. Usilazimishe. Ukisikia kizunguzungu, acha, pumua kama kawaida.

Kwa nini tunatoa pumzi kwa muda mrefu kuliko kuvuta? Kwa sababu pumzi ndefu ya kutoka huupa mwili habari kwamba hakuna adui. Moyo hupunguza mwendo, misuli hulegea. Huwezi kuuamuru moyo upige polepole, lakini waweza kuiamuru pumzi, na moyo huifuata.

Mawazo yatakuja. Utakumbuka deni, utakumbuka ufuta haujapigwa. Usijilaumu. Mawazo ni kama kuku wa jirani wanaopita uani. Waone, waache wapite, kisha rudi kwenye pumzi. Hata ukirudi mara mia, huko kurudi ndiko kujifunza.

Dakika tano asubuhi na dakika tano jioni zatosha kuanza. Kisha ongeza mazoezi matatu ya mwili. Kwanza, simama wima, inua mikono juu unapovuta pumzi, ishushe unapotoa, mara tano. Pili, piga magoti na kuweka viganja chini juu ya mkeka, pandisha mgongo kama paka anayejinyoosha, kisha ushushe, mara tano. Tatu, lala chali, weka miguu juu ya ukuta, pumua kwa dakika chache. Hili la mwisho huwafaa wasiopata usingizi. Mama mjamzito, mwenye jipu au kidonda cha sindano, na mwenye ugonjwa wa mgongo, na aulize kwanza mganga.

MTO UKIJAA

Sasa nawaambia jambo kubwa kuliko yote kwa mgonjwa. Tamaa ya unga ni kama mto wa Mbwemkuru wakati wa masika. Mvua ikinyesha huko juu, maji huja kwa ghadhabu, mekundu, yamebeba magogo. Mtu mwenye akili hufanya nini? Hajitupi ndani, wala hapigani na mto kwa mikono. Hukaa ukingoni, hungoja. Maji hupanda, hufika mwisho wake, hushuka, naye huvuka.

Na tamaa ndivyo ilivyo. Mgonjwa hudhani haitaisha mpaka atumie. Si kweli. Mara nyingi hupanda, hufika kilele, kisha hushuka yenyewe, na kwa wengi haidumu zaidi ya nusu saa. Kazi yake katika muda huo ni kukaa ukingoni. Aseme moyoni, "Hii ni tamaa. Iko wapi mwilini? Iko kifuani. Iko mikononi, yatetemeka." Aiangalie, apumue, ahesabu nne na sita. Asiende kijiweni, asipige simu kwa muuzaji. Na kama kuna mtu mwema karibu, amwite akae naye.

Akishindwa siku moja, asikate tamaa, wala asiache kwenda kliniki. Amweleze mwuguzi ukweli.

HATARI INAYOUA

Nilisema nitaeleza. Sikilizeni kwa makini, na ninyi wazazi hasa.

Tuchukue mfano wa kijana aliyekuwa akitibiwa Dar es Salaam. Amekuja nyumbani Ruangwa kwa msiba. Safari ya basi ni ya siku nzima, na nauli ya kurudi haipo. Jamaa wamwambia, "Kaa hapa, umepona, utafanya mazoezi." Miezi inapita bila dawa. Mwili wake umesahau unga, hauna tena mazoea nao. Kisha siku moja apata fedha, atumia kiasi kile kile cha zamani. Kiasi kile kilichokuwa hakimfanyi lolote, sasa chaweza kumzimisha pumzi akafa papo hapo. Wengi wamekufa hivyo, baada ya kuacha matibabu au baada ya kutoka gerezani.

Kwa hiyo, kabla mgonjwa hajasafiri, na aende kwa mganga wake kupanga habari ya dozi. Akitaka kuacha methadoni, aache kwa mashauri ya mganga, kidogo kidogo, kwa miezi mingi. Methadoni ya nyumbani ifungiwe, maana dozi ya mgonjwa yaweza kumwua mtoto. Na anayeinywa asichanganye na gongo wala vidonge vya usingizi.

Ukimkuta mtu amelala haamki, apumua kwa nadra au akoroma kwa shida, midomo imepauka na mboni za macho zimekuwa ndogo kama ncha ya pini, usimnyweshe maziwa wala maji. Mwite kwa nguvu, mtikise. Kama hapumui, mpulizie pumzi kinywani. Akipumua, mlaze ubavu. Mkimbizeni hospitali mara moja, mkawaambie waganga ukweli wa alichotumia. Iko dawa iitwayo naloksoni inayoweza kumrudisha.

KAZI YETU SISI

Kama una mgonjwa nyumbani, usimfungie chumbani umalize ugonjwa wake kwa nguvu. Nenda naye hospitali ya wilaya, Nachingwea au Ruangwa, mwulize mganga kliniki ya karibu iliyo na dawa ni ipi. Waweza pia kupiga simu namba 119, ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya. Changeni nauli kama mnavyochangia harusi. Kisha, jioni, kaa naye mkekani mpumue pamoja, nne na sita. Haikugharimu kitu, na yeye atajua hayuko peke yake ukingoni mwa mto.

Wazee wenu wanakumbuka mwaka 1973, walipokaa katika vikundi mbele ya redio kusikiliza masomo ya Mtu ni Afya. Baada ya somo hawakwenda kulala tu. Walichimba vyoo, walifyeka vichaka. Ninyi nanyi msiliache somo hili likaishia redioni.

MANENO MAPYA

Mwalimu, yaandike ubaoni. Wanafunzi, yasomeni kwa sauti, kisha myaandike daftarini.

u-ra-i-bu: ugonjwa wa kutoweza kuishi bila kilevi fulani
me-tha-do-ni: dawa ya maji ya kutibu uraibu wa heroini
a-ro-sto: mateso ya mwili unapokosa unga
u-zi-nga-ti-vu: kuweka moyo mahali ulipo sasa
do-zi: kipimo cha dawa

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Kwa nini twasema uraibu ni ugonjwa?
2. Salfa, palizi na kupogoa vinafanana na nini katika somo hili?
3. Mgonjwa afanye nini tamaa inapopanda?
4. Kwa nini aliyeacha unga kwa miezi mingi yumo hatarini akirudia kiasi cha zamani?
5. Kijiji chenu chaweza kumsaidiaje mgonjwa asiye na nauli?

Wiki ijayo kila mwanafunzi alete daftari lake akiwa ameandika sentensi tatu: moja juu ya dawa, moja juu ya pumzi, na moja juu ya jambo atakalolitenda nyumbani kwake. Mpaka hapo, kwaherini, na Mungu awalinde.